Mlevi wa Mtihani

Mwalimu Mkuu alistaafu ualimu, ila ualimu haukukubali kumstaafu yeye. Alipoamua kufungua baa katika jengo lililokuwa zamani duka la magodoro, alianza na mambo aliyoyajua: alitundika kengele karibu na mlango, akachora ratiba ukutani, kisha akatangaza kwamba hakuna mtu atakayegusa kileo kabla hajafaulu mtihani. Leseni yenyewe ilikuwa bado haijatoka. Kwa hiyo chupa zote zilizopangwa nyuma ya kaunta, ndefu kwa fupi, zilijaa maji ya bomba, mengine yakiwa yametiwa rangi kwa majani ya chai ili macho ya wanafunzi yazoee.

Wanafunzi walikuwa wawili na nafasi ilikuwa moja. Mmoja alikuwa Fundi Saa, bwana wa makamo aliyetengeneza saa za mkono mpaka watu walipoacha kuzivaa. Wa pili alikuwa binti aliyeitwa Robo. Jina hilo alipewa na wakunga alipozaliwa kabla ya siku zake, kajitu ka kujaa kiganjani, na ingawa sasa alikuwa na miaka ishirini na sita na milango mingine aliipita kwa kuinama, hakuna aliyejisumbua kulibadilisha.

Kwao walikuwa watatu: yeye, mama na baba. Baba alikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja. Kazi yake ilikuwa kuandika waliyosema wengine, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza, na labda ndiyo maana akifika nyumbani ya kwake yalikuwa machache. Siku Robo aliporudi kutoka chuo cha ualimu katikati ya mwaka, godoro kichwani na ndoo mkononi, baba alimtazama pale getini, akafungua kinywa, akakifunga. Tangu hapo ilikuwa imetimia miaka miwili bila kumwelekezea neno. Akiwa na la kumwambia alimpitishia mama, hata kama wote watatu wamekaa meza moja na viwiko vinagusana.

“Mwambie mwanao chumvi iko mbele yake,” baba angesema.

Mama angegeuka nusu tu, amwambie Robo chumvi iko mbele yako. Robo angejibu kwamba ameiona, ahsante. Mama angegeuka tena kupeleka jibu. Siku nyingine mama alichoka, akawa anapunguza maneno njiani, na baba, ambaye masikio yake hayakustaafu, alimtaka ayarudie kama yalivyotamkwa.

Baada ya chuo, Robo alijaribu kushona nguo, akashona mikono miwili ya kushoto kwenye shati moja. Akajaribu kuuza bima, akawa anawaonea huruma wateja na kuwaambia wasinunue. Aliposema mezani kwamba sasa anajifunza kuhudumia kaunta ya baa, baba alitafuna polepole, akameza, kisha akamwambia mama amwambie mwanawe kwamba hii ni ya nne. Ikimshinda na hii, ataenda kwa shangazi yake kuuza vifuniko vya sufuria. Shangazi huyo aliuza vifuniko tu. Sufuria hakuwa nazo, na ukimuuliza kwa nini ilibidi utafute pa kukaa, maana maelezo yalikuwa marefu.

Robo hakutaka vifuniko. Na jambo ambalo nyumbani hawakulijua ni kwamba safari hii kazi ilikuwa imemkaa mkononi. Mwalimu alimfunga kitambaa machoni akamwambia amimine toti kumi, na zote kumi zikasimama juu ya mstari wa kipimo, hakuna iliyozidi wala iliyopungua. Aliweza kufungua chupa na kufuta kaunta kwa wakati mmoja. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alikuwa akiamka kabla ya kuamshwa, na alitaka nafasi ile kwa moyo wake wote.

Mwalimu hakuvutiwa sana na toti. Alisema kumwaga kinywaji anaweza yeyote, hata mwenye kifafa; kazi ya kaunta ni kujua lini usimwage. Kanuni yake iliandikwa ukutani kwa herufi kubwa, chini ya ratiba: mteja akisema neno lile lile mara tatu, glasi inageuzwa. Unaichukua glasi, unaipindua juu ya kaunta, unatamka, “Imetosha. Nenda nyumbani salama.” Ukigeuza baada ya mara mbili umemwonea mteja. Ukingoja mara nne umemharibu. Kote kuwili umefeli.

Ili kanuni ifanyiwe mazoezi, walihitajika walevi, na kwa kuwa vinywaji vilikuwa maji, walevi walikuwa wa kujitolea. Wa kwanza alikuwa Seremala aliyetengeneza ile kaunta. Watu husema fulani kachapa maji wakimaanisha kitu kingine, lakini huyu aliyachapa maji kweli. Wiki ya kwanza aliigiza. Wiki ya pili akaanza kuja bila kuitwa. Wiki ya tatu mkewe alikuja juu, akalalamika kwamba mumewe anarudi anaimba, analala na viatu, na asubuhi kichwa kinamgonga. Mwalimu akamwonyesha bomba. Mke akasema hayo hayamhusu, anachotaka ni mume wake. Ikabidi Seremala apigwe marufuku mpaka atakapoacha, naye akawa anakaa nje kwenye ngazi akiapa kwamba anaweza kuacha siku yoyote akitaka.

Mtihani ukapangwa Alhamisi. Kila mtahiniwa alitakiwa kuleta ndugu mmoja mtu mzima awe mteja, kwa sababu, Mwalimu alisema, kumfukuza mgeni si kazi, mfukuze wa kwenu tuone. Barua ilipigwa chapa na kugongwa mhuri, ule mhuri wa shule ambao Mwalimu hakuurudisha siku ya kuagwa.

Robo aliipeleka kwa mama. Mama aliisoma, akaanza kucheka mpaka akashika mbavu, akasema yeye hafai, kwamba glasi ya pili haitafika kabla hajaanguka kwa kicheko. Akaisukuma barua upande wa pili wa meza bila kufikiri. Baba akaona mhuri.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Mzee huyu alikuwa amepeleka wito wa mahakama kwa maelfu, na aliwajua kwa majina waliopuuza na yaliyowapata. Barua ile ilianza hivi: Unaitwa kuhudhuria bila kukosa, saa nne kamili asubuhi. Chini yake: Mteja atakunywa. Mteja atalewa. Mteja hataondoka mpaka aambiwe. Baba alivaa miwani, akasoma mbele, akageuza akasoma nyuma kulikoandikwa kanuni za mtihani, akaikunja mara mbili na kuitia mfuko wa shati.

“Mwambie mwanao,” alisema, “nitahudhuria.”

Mzee hakuwahi kuonja kileo maishani mwake. Lakini amri ilikuwa imesema alewe, na amri hutekelezwa. Kesho yake alikwenda kukaa na Seremala pale kwenye ngazi, daftari gotini, akamhoji mwanzo mpaka mwisho: ni mguu upi unaotangulia kulegea, kicheko kinakuja kabla ya kulia au baada, je, mtu hufungua tai mwenyewe au hufunguliwa. Seremala alijibu kitaalamu, akifurahi kwamba hatimaye kuna aliyemheshimu. Asubuhi mbili mfululizo Robo alisikia vishindo ukumbini, akachungulia. Baba alikuwa akipita na kugonga ukuta kwa bega, anasimama, anaangalia daftari, anarudi mwanzo na kupita tena.

Alhamisi kengele ililia saa nne. Alianza Fundi Saa, na aliyemleta ni mama mkwe wake, maana mkewe alikuwa kazini. Mama mkwe alikaa juu ya stuli ndefu, mkoba mapajani, akanywa glasi moja ya maji na kusema kwamba saa ya ukutani aliyowapa siku ya harusi inachelewa. Fundi akajibu ndiyo, mama. Glasi ya pili, saa inachelewa. Ndiyo, mama. Glasi ya tatu, saa inachelewa. Fundi aliishika ile glasi aigeuze. Akamtazama mama mkwe, kisha akaijaza. Aliijaza mpaka ya kumi na moja, na saa ikachelewa mara kumi na moja, ndipo mama mkwe mwenyewe akashuka haraka kuuliza choo kiko upande gani. Mwalimu alichora sifuri moja kubwa, akasema kwamba binti naye akianguka, nafasi itatangazwa upya.

Baba aliingia amevaa suti yake ya mahakamani na tai. Alimpa Mwalimu barua atie sahihi kwamba amehudhuria, akairudisha mfukoni. Alipokwisha kukaa, akakwama. Alikuwa na la kumwambia Robo na mama hakuwepo. Alitazama kulia, akatazama kushoto. Kushoto kwake kulikuwa na stuli tupu.

“Mwambie huyu muuzaji,” aliiambia stuli, “anipatie glasi moja.”

Robo, kwa mazoea ya miaka miwili, alingoja kidogo kama vile stuli ingegeuka nusu na kufikisha ujumbe. Kisha akamimina. Kanuni ya pili ya Mwalimu ilikuwa kusikiliza bila kuingilia, kwa hiyo alisimama mikono nyuma na kusikiliza, ingawa hakukuwa na cha kusikiliza isipokuwa koo la mzee likimeza maji.

Glasi ya pili, baba alilegeza tai. Ya tatu, kiwiko chake cha kushoto kiliteleza kwenye ukingo wa kaunta, akakirudisha, kikateleza tena vizuri zaidi. Ya nne alicheka, kicheko cha daftarini, ha mbili na kikohozi. Mwalimu aliandika kitu. Huko dirishani Seremala alikuwa ameegemeza uso kwenye kioo, akitikisa kichwa kwa kukubali.

Ya tano haikuwemo daftarini. Baba aliishusha ikiwa nusu, akaiacha stuli, akainua macho na kumtazama binti yake usoni.

“Wewe,” alisema. “Ulikuwa na ndoo ya bluu.”

Robo akashika ukingo wa kaunta kwa chini, mahali ambapo Mwalimu asingeona.

“Siku ile pale getini. Godoro kichwani, ndoo ya bluu mkononi, shingo imekuingia ndani kwa uzito. Nilitaka kusema kitu. Nilikosa pa kuanzia.”

Kalamu ya Mwalimu ikachora kistari kimoja.

Mzee akaendelea, ulimi mzito kabisa kwa maji matupu. Alisema alijipa mpaka kesho. Kesho yake akaona kwamba jana ameshaiharibu, sasa atalazimika kuanza kwa kueleza jana. Wiki ikapita, ya kueleza yakawa mengi zaidi. Alisema hakuwa na hasira, hata siku moja hakuwa na hasira, ni aibu tu ya mtu aliyechelewa. Watu wote aliowaandika kwa miaka thelathini na moja walikuwa na pa kuanzia: jina lako nani, unaishi wapi, apa kwamba utasema kweli.

“Sasa mwanangu mwenyewe nimuulize jina?” alisema. “Nilikosa pa kuanzia.”

Kistari cha pili. Robo alikiona, na akaona pia maneno yaliyo ukutani nyuma ya kichwa cha baba. Miaka miwili alikuwa amengoja sauti hii. Alikuwa ameingoja mezani, ameingoja mlangoni, na usiku mwingine amelia kwa ajili yake kimyakimya na mto mdomoni. Sasa ilikuwa imekuja, na kazi yake ilikuwa kuizima. Akiigeuza glasi, baba atakwenda. Asipoigeuza, kuna vifuniko.

Akafanya ambacho hakufundishwa. Alichukua chupa na kumimina polepole kuliko alivyowahi kumimina, tone kwa tone. Akachukua glasi safi akaifuta, akaimaliza, akaifuta tena. Kisha, ili mzee asije akalirudia lile neno, akamtupia lingine.

“Ndoo yenyewe ilikuwa imetoboka, Baba.”

“Najua,” baba alisema. “Niliiziba.”

Robo aliacha kufuta. Ile ndoo ilikuwa imeacha kuvuja siku ya tatu tu baada ya yeye kurudi, na miaka yote hii alidhani ni mama. Baba alieleza kwamba alipasha moto chuma, akayeyusha kipande cha beseni la zamani juu ya tundu, akaijaza maji na kukaa nayo nyuma ya nyumba nusu saa kuhakikisha. Alisema alitumaini ataulizwa nani kaiziba, apate pa kuanzia. Hakuulizwa.

Mwalimu alikuwa ameinua kalamu na kuiacha hewani. Baba aliitazama ile kalamu. Halafu alitazama mfuko wa shati lake, ilimokuwa ile barua aliyoisoma mbele na nyuma, kanuni zote. Alimtazama Robo, aliyekuwa akitikisa kichwa kidogo sana, akimwomba kwa macho asiseme. Akakaa wima. Ulevi ukamtoka mgongoni, na alipozungumza ilikuwa ile sauti ya mahakamani, pole na wazi, ya mtu anayetaka kila neno liingie kwenye kumbukumbu.

“Nilikosa. Pa. Kuanzia.”

Alikuwa amesema makusudi. Robo alijua, na baba alijua kwamba amejua. Robo akanyoosha mkono, akaichukua glasi iliyokuwa bado na maji, akaipindua juu ya kaunta. Maji yakatiririka mpaka kwenye mkono wa suti, na mzee hakuusogeza.

“Imetosha,” Robo alisema. “Nenda nyumbani salama.”

Baba alishuka kwenye stuli. Alifunga kifungo cha koti, akamwinamia Mwalimu kama alivyokuwa akiwainamia mahakimu, kisha akakumbuka wajibu wake na kuondoka akiyumba, mguu wa kushoto ukitangulia kulegea. Nje Seremala alimpokea mkono, wakaongozana, na ukiwatazama kwa nyuma usingejua nani anamshika nani.

Mwalimu alimpa Robo tisini na nne. Sita zilikatwa kwa kufuta glasi safi na kwa kuingiza habari za ndoo. Akamkabidhi aproni, akamwambia aripoti Jumatatu, leseni iwepo isiwepo. Fundi Saa alimpongeza kwa moyo mweupe, akasema yeye hata hivyo anarudi kwenye saa, kuna moja ya ukutani lazima aishughulikie leo leo. Robo alishukuru, akacheka, akafurahi kweli. Lakini njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa na hofu kwamba yale maneno yamebaki kule kaunta, chini ya glasi iliyopinduliwa.

Alikuta meza imeandaliwa na jua bado liko dirishani. Baba amekaa mahali pake, suti kaivua, mkavu, mtulivu, hana habari na mtu. Mama amekaa katikati yao kama kawaida. Walikula. Mama aliuliza mtihani ulikuwaje, Robo akasema amefaulu, na mama akageuka nusu kumfikishia baba kwamba amefaulu. Baba akatikisa kichwa kwamba amesikia.

“Mwambie mwanao,” baba alianza, na Robo akaushusha uso kwenye sahani ili wasimwone.

Mama alikuwa ameshageuka. Akangoja ujumbe, haukuja. Baba alikuwa ameduwaa, kinywa wazi kama siku ile getini. Halafu akanyoosha mkono mbele ya mama, akachukua glasi yake tupu na kuisukuma juu ya meza, ikapita karibu na chumvi, ikasimama mbele ya Robo.

Robo alivuta jagi. Akamimina mpaka pale ambapo mstari ungekuwa, kama ungekuwepo, akairudisha. Baba alikunywa yote bila kupumua, akalegeza tai ambayo hakuivaa.

“Nilikosa pa kuanzia,” alimwambia.

Mama alishika kijiko hewani, akamtazama huyu, akamtazama yule, hana kazi. Robo alijaza tena. Baba alisema mara ya pili, akajaza. Alisema mara ya tatu, akajaza. Akasema ya nne, na ya tano, na huko mbele hakuna aliyehesabu tena, na kila glasi ilipokauka Robo aliinua jagi.